Sepetu Juu ya Tuta: Dithmarschen, Wilaya Iliyotolewa Baharini

Zamani, katika mwambao wa Bahari ya Kaskazini huko Ujerumani, mkulima aliyeshindwa kutunza kipande chake cha tuta la kuzuia bahari hakuhitaji kusema neno. Alipanda juu ya tuta, akaichomeka sepetu yake ardhini, akaiacha imesimama, akaenda zake. Tangu saa hiyo nyumba na shamba havikuwa vyake tena. Aliyetokea akaing'oa ile sepetu alivitwaa vyote viwili, na pamoja navyo akautwaa mzigo uliomshinda mwenzake: kipande cha tuta kilichopimwa urefu, cha kukarabatiwa mwaka hadi mwaka. Wenyeji waliiita sheria ya sepetu. Haikuwa na huruma, maana tuta likibomoka mbele ya shamba la mvivu, maji huingia hata kwa mchapakazi wa kijiji cha saba.

Katika mwambao huo ndiko iliko Dithmarschen, wilaya ya mashambani katika jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini kabisa mwa Ujerumani. Kwa hesabu za makaratasi ni wilaya changa. Ilizaliwa tarehe 26 Aprili 1970, wilaya mbili za jirani zilipounganishwa kuwa moja. Lakini mwambie mtu wa huko kwamba wilaya yake ina umri wa miaka hamsini na kitu, atakucheka. Kwake yeye, lililofanyika 1970 lilikuwa kurudisha mahali pake kitu ambacho watawala walikigawana karibu karne nne kabla. Hata nembo ya wilaya imebeba ugomvi huo: mpanda farasi mwenye deraya ya dhahabu, upanga juu, kwenye uwanja mwekundu. Watu wa Dithmarschen walijulikana Ulaya nzima kwa kuwapiga wapanda farasi wa namna hiyo. Nembo wakabuniwa na walioshinda, baada ya kushindwa kwao.

Historia ya taasisi kwa kawaida huanzia ofisini, kwenye muhuri na sahihi. Ya Dithmarschen haina budi kuanzia matopeni.

Maji pande zote

Tazama ramani. Magharibi kuna Bahari ya Kaskazini. Kusini kuna mto Elbe, unaoteremka kutoka Hamburg na hapo umekwisha kuwa mpana kama ghuba. Kaskazini unapita mto Eider. Mashariki, sehemu kubwa ya mpaka inafuata Mfereji wa Kiel. Kwa hiyo eneo hili lenye kilomita za mraba zaidi ya 1,400 na wakazi zaidi ya 130,000 ni kisiwa kwa maana fulani, ingawa mtu anaweza kuingia kwa treni bila kulitambua hilo. Miji yake ni mitano: Heide, Meldorf, Brunsbüttel, Marne na Wesselburen. Heide, iliyo kubwa kuliko yote na makao makuu, ina watu zaidi kidogo ya 20,000. Waliosalia wanaishi katika miji mingine na katika vijiji na vitongoji zaidi ya mia moja, vingi vikiwa na halmashauri zao ndogo.

Ndani ya kisiwa hicho mna nchi mbili zilizolala ubavu kwa ubavu. Ya kwanza huitwa Geest: miinuko ya mchanga na kokoto iliyoachwa na barafu ya zama za kale, yenye misitu midogo na udongo mkavu. Hata ikiitwa miinuko, hakuna mahali panapofikia mita mia. Ya pili ni Marsch: tambarare ya udongo mzito wa mfinyanzi ulioletwa na bahari, chembe kwa chembe, kila maji yalipojaa na kupwa. Geest ni salama lakini haina rutuba. Marsch ina rutuba kupindukia, ila haina usalama. Kati ya nchi hizo mbili kuna vinamasi.

Karibu na kijiji cha St. Michaelisdonn mtu anaweza kusimama juu ya genge la mchanga linaloitwa Klev na kuangalia magharibi. Hilo lilikuwa genge la bahari, na mawimbi yalikuwa yakiligonga chini yake. Leo, chini yake na mbele yake, kilomita baada ya kilomita, ni mashamba, mifereji iliyonyooka, nyumba za matofali mekundu na mitambo ya upepo. Bahari haionekani. Ukilielewa genge hilo umeielewa nusu ya historia ya wilaya, maana nchi yote inayoonekana kutoka pale ilikuwa maji au tope.

Walowezi wa kwanza wa Marsch hawakuwa na matuta. Katika karne za mwanzo baada ya Kristo walirundika samadi, nyasi na udongo mpaka wakapata vilima vya kujengea nyumba, ili bamvua likija maji yazunguke na kuondoka. Wesselburen imekaa juu ya kilima cha namna hiyo hadi leo. Kanisa liko juu katikati, na barabara zimelizunguka. Baadaye, kuanzia kama karne ya 11 na ya 12, wakaanza kuunganisha nguvu na kuinua matuta marefu mbele ya mashamba. Hapo kukawa na jambo jipya. Kilima mtu hukijenga na jamaa zake, lakini tuta la kilomita nyingi halijengwi na nyumba moja wala kijiji kimoja.

Kila kizazi kikaongeza kipande. Njia ilikuwa ileile: kwenye tope linaloachwa wazi maji yakipwa, hupigwa safu mbili za vigingi na katikati hujazwa fito na matawi, ili maji yanayoingia yatulie na kuacha tope lake. Vijifereji huchimbwa na kuchimbuliwa tena. Miaka inapita, magugu yanayovumilia chumvi yanaota, ardhi inapanda, kondoo wanaanza kulisha. Ikishafikia kimo, huzungushiwa tuta jipya, nayo huitwa Koog. Büsum, ambayo leo ni mahali pa mapumziko na pa wavuvi wa uduvi, ilikuwa kisiwa mpaka ilipounganishwa na bara kwa tuta mwaka 1585. Friedrichskoog ilipatikana katikati ya karne ya 19. Mafuriko ya 1362, ya 1634 na ya Krismasi 1717 yalirudisha nyuma kazi ya vizazi, na watu wakaanza upya.

Wakulima wasio na bwana

Kazi hii ndiyo iliyozaa serikali. Katika sehemu kubwa ya Ulaya ya zama za kati, mkulima alikuwa mtu wa bwana fulani, akimlimia na kumlipa kwa ulinzi. Dithmarschen ilikuwa na bwana kwa jina tu. Baada ya vita vya Bornhöved mwaka 1227, ambamo waliwatupa mkono Wadenmark katikati ya mapambano na kujiunga na upande wa pili, waliwekwa chini ya askofu mkuu wa Bremen. Bremen ilikuwa mbali, ng'ambo ya Elbe, na askofu hakuwa na jeshi la kumsumbua mtu.

Madaraka yalikuwa kwa koo na kwa parokia. Koo za Dithmarschen zilikuwa vyama vya kiapo: wanaukoo walisimama pamoja mahakamani kumwapia mwenzao, walilipa fidia ya damu pamoja, walilipiza kisasi pamoja, na walijenga matuta pamoja. Waliotoka nje waliweza kupokelewa ndani ya ukoo wakikubali kubeba mizigo yake. Kila parokia ilikuwa na wakuu wake, na kwa muda mrefu parokia kubwa zilijiendesha kama vijinchi vinavyojitegemea.

Mwaka 1447 wakaandika sheria zao na kuweka baraza la watu 48, wakulima wakubwa wa Marsch kwa wingi, kuwa juu ya parokia zote. Mahali pa kukutania palikuwa uwanda wa Heide, katikati ya nchi, ambapo mji wenyewe ulikuwa umeanza kuchipuka. Uwanja ule upo hadi leo, una ukubwa wa hekta 4.7, na wenyeji hujisifu kuwa ndio uwanja wa soko mkubwa kuliko yote Ujerumani usiojengwa kitu. Kila Jumamosi bado hujaa meza za samaki, jibini, maua na mboga.

Isidhaniwe kwamba ilikuwa pepo ya usawa. Baraza lile lilikuwa la matajiri, visasi vya koo vilimaliza watu, na mgeni wa fikra hakuvumiliwa. Mhubiri Heinrich von Zütphen, mfuasi wa Martin Luther, alikamatwa usiku na kuchomwa moto mjini Heide mnamo Desemba 1524. Miaka michache baadaye nchi hiyohiyo iliukubali Uprotestanti.

Siku ya Hemmingstedt

Mabwana wa jirani waliiangalia Marsch kama paka anavyoangalia kitoweo. Makabaila wa Holstein walijaribu mwaka 1319 wakapigwa. Mwaka 1404 mtawala wa Schleswig, Gerhard wa Sita, aliuawa huko akiwa na idadi kubwa ya wapiganaji wake. Mwaka 1474 Kaizari alimpa mfalme Christian wa Kwanza wa Denmark karatasi ya kuimiliki nchi. Wakulima wakaipinga karatasi hiyo kwa karatasi zao mpaka ikafutwa.

Mfalme Hans wa Denmark na ndugu yake Frederick waliamua kuacha maneno. Februari 1500 walivamia wakiwa na jeshi la watu wapatao 12,000. Ngao yao ilikuwa Kikosi Cheusi, mamluki kama 4,000 chini ya Thomas Slentz, watu walioishi kwa vita na waliotisha miji mizima. Meldorf ikaanguka. Tarehe 17 Februari jeshi likatoka Meldorf kuelekea Heide, kwa barabara moja nyembamba yenye mitaro pande mbili.

Ilikuwa siku ya baridi yenye mvua iliyochanganyika na theluji. Barafu ilikuwa imeyeyuka, njia imegeuka uji wa tope. Karibu na kijiji cha Hemmingstedt, wakulima, ambao hawakuzidi nusu ya wavamizi, walikuwa wamekesha wakiinua boma la udongo kukata barabara, kiongozi wao akikumbukwa kuwa Wulf Isebrand. Kisha wakafungua milango ya maji ya matuta yao. Bahari waliyokuwa wakiizuia kwa karne nyingi ikakaribishwa ndani. Mashamba yakafunikwa, mitaro ikapotea machoni, na barabara ikabaki kuwa mstari mmoja uliojaa watu, farasi, mizinga na mikokoteni ya kubebea mateka. Wa mbele hawakuweza kusonga, wa nyuma hawakuweza kurudi. Wakulima, wepesi na wenye miti mirefu ya kurukia, waliruka mitaro waliyoijua tangu utotoni wakawaendea ubavuni. Farasi wenye deraya walizama na waliowapanda. Slentz akafa, makabaila wengi wakafa, na bendera ya Denmark ikatekwa na kutundikwa kanisani Wöhrden.

Simulizi za baadaye zimeongeza mengi, akiwemo msichana aliyebeba bendera mbele ya wapiganaji. Mnara wa kumbukumbu ulijengwa mwaka 1900. Lakini funzo la vita halihitaji nyongeza. Maarifa yaleyale ya kulizuia tope na maji ndiyo yaliyogeuzwa silaha, na asiyejua mlango wa maji ulipo hakuwa na namna ya kushinda pale.

Kushindwa na kugawanywa

Miaka 59 baadaye mambo yalikwenda kinyume. Mfalme Frederick wa Pili wa Denmark na baba zake wadogo, Adolf na Johann, walikuja mwaka 1559 katika kiangazi, njia zikiwa kavu, chini ya jemadari mzee Johann Rantzau ambaye hakutaka kurudia kosa la Hemmingstedt. Meldorf ikachukuliwa, Heide ikafuata. Juni 1559 nchi ikasalimu amri, silaha na bendera zilizotekwa zikarudishwa.

Washindi waligawana, na mwaka 1581 mgawanyo ukatulia kuwa wa sehemu mbili: kaskazini, makao yake Heide, ikawa ya watawala wa Gottorf, na kusini, makao yake Meldorf, ikawa ya mfalme. Hivyo ndivyo zilivyozaliwa Norderdithmarschen na Süderdithmarschen. Mstari uliochorwa mezani ukakata katikati ya watu wa lugha moja na sheria moja. Hata hivyo washindi walikuwa na akili ya kutogusa kila kitu. Parokia ziliendelea, wakulima hawakugeuzwa watumwa wa makabaila, na kazi ya matuta ilibaki mikononi mwa wenye mashamba. Mfalme aliyepata Marsch alielewa haraka kwamba bila wakulima wake angebaki akitawala samaki. Mwaka 1773 sehemu zote mbili zikaangukia kwa mfalme wa Denmark, lakini mstari haukufutwa.

Katika ofisi ya Meldorf ya zama hizo palikaa mtu ambaye msomaji wa pwani yetu anapaswa kumjua. Carsten Niebuhr aliajiriwa huko mwaka 1778 kuwa karani wa nchi, mwenye kushughulikia kodi, hesabu na kumbukumbu. Alikuwa ndiye peke yake aliyerudi hai kutoka msafara wa Denmark wa kwenda Uarabuni, uliotoka Copenhagen mwaka 1761. Alipita Yemen, akavuka hadi Bombay, na mwanzoni mwa 1765 alifika Maskati, wakati Imamu Ahmad bin Said akitawala. Huyo ndiye mwanzilishi wa ukoo wa Al Busaid, na mjukuu wake, Sayyid Said bin Sultan, ndiye aliyehamishia makao yake Unguja. Kutoka Maskati Niebuhr alikwenda Persepolis, akanakili maandishi ya kale ya Uajemi kwa uangalifu uliowasaidia wataalamu wa baadaye kuyasoma. Kisha akaja kumalizia umri wake kati ya mifereji ya Meldorf, akiandika madaftari ya wakulima na kushughulika na ukaushaji wa vinamasi, mpaka macho yakamzimikia. Alifariki mwaka 1815.

Ofisi za parokia zililea na wengine. Friedrich Hebbel, aliyezaliwa Wesselburen mwaka 1813 katika ufukara, alikuwa karani wa mkuu wa parokia kabla hajawa mwandishi mkubwa wa tamthilia. Klaus Groth wa Heide, aliyezaliwa 1819, alithibitisha kwa diwani yake ya 1852 kwamba Kijerumani cha Chini, lugha ya vijijini iliyodharauliwa na wasomi, inabeba ushairi kama lugha yoyote.

Wilaya mbili za Prussia

Denmark ilishindwa vitani mwaka 1864, na mwaka 1867 Prussia ikazigeuza sehemu zile mbili kuwa wilaya mbili rasmi, kila moja na mkuu wake. Neno la Kijerumani ni Kreis, lenye maana ya duara. Msomaji wa Tanzania akisikia wilaya na Mjerumani kwa pamoja hukumbuka boma na ofisa wake aliyetumwa kutoka juu. Mkuu wa wilaya wa Prussia naye aliteuliwa na mfalme, lakini alikuta baraza la wenyeji, vyama vya matuta na parokia zenye desturi ya kujibizana na mtawala. Desturi hiyo ilikuwa nzito kuliko yeye. Mpaka leo jina rasmi la baadhi ya tarafa za huko limebeba neno la zamani la parokia, ingawa kanisa halina tena kauli ndani yake.

Enzi ya Prussia ilileta mambo mawili yaliyobadili sura ya nchi. La kwanza ni mfereji. Ujenzi ulianza 1887, na Juni 1895 Kaizari Wilhelm wa Pili akaufungua: kilomita karibu 98 kutoka Brunsbüttel kwenye Elbe hadi Kiel kwenye Bahari ya Baltiki. Uliitwa Mfereji wa Kaiser Wilhelm, jina lilelile ambalo miaka sita kabla Hans Meyer alikuwa amelibandika kwenye kilele cha Kilimanjaro. Kilele kikapata jina la Uhuru, mfereji ukapata jina la Kiel. Kwa kuwa ulikata barabara za watu, vivuko vyake vilitolewa bure, na hadi leo mkulima mwenye trekta huvuka bila kulipa senti huku meli ya makontena ikipita mbele yake. Daraja la reli la Hochdonn, lililokamilika 1920, limeinuliwa mita 42 juu ya maji ili milingoti ipite, na treni hulikaribia kwa kupanda taratibu kama inayopaa.

La pili ni kabichi. Mwaka 1889 mtunza bustani Eduard Laß alijaribu kuipanda karibu na Wesselburen. Udongo mzito wa Marsch hushika maji, kiangazi hakichomi, na upepo wa baharini huwasumbua wadudu. Kabichi ikakubali. Leo inalimwa kwenye hekta zipatazo 2,800, na wenyeji husema huvuna vichwa milioni 80 kwa mwaka. Vingi huhifadhiwa kwenye maghala ya baridi na kuuzwa hadi majira ya kuchipua, na vingine hukatwakatwa na kuchachushwa. Tangu 1987 Septemba ina wiki yake ya sherehe za kabichi, inayofunguliwa kwa kukata kichwa cha kwanza shambani mbele ya wageni rasmi.

Miaka ya giza

Taasisi inayoadhimisha siku zake lazima iseme na hili. Mwishoni mwa miaka ya 1920 bei za mazao na mifugo zilianguka, mashamba yakauzwa kwa madeni, na wakulima waliojivunia uhuru wakaanza kusikiliza waliowaahidi kulipiza kisasi kwa niaba yao. Tarehe 7 Machi 1929, huko Wöhrden, wanamgambo wa Nazi na wakomunisti walipigana. Wawili wa upande wa kwanza na mmoja wa upande wa pili wakafa. Hitler akaja kwenye mazishi ya watu wake na kuyafanya jukwaa. Dithmarschen ikawa miongoni mwa sehemu zilizompa kura mapema na kwa wingi, na kumbukumbu ya Hemmingstedt ikapambwa upya ili ionekane kana kwamba wakulima wa 1500 walikuwa wamepigania damu na taifa.

Mwaka 1935 Hitler alikuja tena kufungua Koog mpya iliyopewa jina lake. Mashamba yake yaligawiwa waliochujwa kwa utiifu wa chama. Ustadi wa zamani wa kulitoa shamba baharini ukawa tangazo la biashara la udikteta. Baada ya vita Koog hiyo ikaitwa Dieksanderkoog, na jumba la propaganda lililojengwa katikati yake, Neulandhalle, leo ni mahali pa kufundishia historia hiyo bila kuificha. Kule Gudendorf kuna kumbukumbu ya wafungwa wa vita wa Kisovieti waliofia hapo.

Mwaka 1945 Waingereza waliangalia ramani ileile tuliyoanza nayo. Nchi iliyozungukwa na maji ilifaa kuwa zizi: wanajeshi wa Ujerumani waliojisalimisha walikusanywa kwa wingi mkubwa katika mwambao huu, wakilala kwenye maghala na mazizi. Wakati huohuo wakimbizi kutoka mashariki waliingia kila nyumba. Jimbo zima la Schleswig-Holstein, lililokuwa na watu kama milioni 1.6 kabla ya vita, lilivuka milioni 2.6. Mkulima aliyekuwa na vyumba vya wageni akajikuta na familia tatu jikoni. Wengi wa waliokuja walibaki, na wajukuu wao leo ni Wadithmarschen kama wengine.

Duara linaunganishwa

Mageuzi ya mipaka ya serikali za mitaa yalipofika Schleswig-Holstein, Norderdithmarschen na Süderdithmarschen ziliunganishwa kuwa Kreis Dithmarschen. Ndoa haikukosa manung'uniko. Heide ilipata makao makuu. Meldorf, mji mkongwe zaidi wenye kanisa ambalo watu huliita kuu la nchi nzima, ilibaki na mahakama pamoja na makumbusho yaliyoanzishwa mwaka 1872. Ni mgawanyo wa ndugu wawili: mmoja akachukua shamba, mwingine akachukua picha za ukutani.

Kazi za wilaya si za kuimbiwa nyimbo. Baraza lake huchaguliwa na wananchi, na baraza ndilo linalomchagua mkuu wa wilaya. Wilaya inasimamia hospitali za Heide na Brunsbüttel, shule za ufundi, usafiri wa mabasi, takataka, ustawi wa watoto, vibali vya ujenzi na usajili wa magari, ambayo hubeba herufi HEI. Tangu 1993 Heide ina chuo chake cha sayansi tumizi.

Riziki nayo imezidi kutoka chini ya ardhi na hewani. Mafuta yaligunduliwa karibu na Heide mwaka 1856, mahali panapoitwa Hölle, yaani Jehanamu, na kiwanda cha kuyasafisha kimesimama Hemmingstedt, si mbali na uwanja wa vita. Tangu 1987 mafuta huchimbwa pia baharini, kwenye Mittelplate, mbele ya Friedrichskoog, ndani ya eneo la matope ambalo ni hifadhi ya taifa tangu 1985 na urithi wa dunia tangu 2009. Upepo ulianza kwa aibu. Mtambo mkubwa wa majaribio, Growian, uliosimamishwa Kaiser-Wilhelm-Koog mwaka 1983, ulisumbua muda wote hadi ukazimwa 1987. Mwaka huohuo, mahali palepale, likafunguliwa shamba la kwanza la mitambo ya upepo nchini Ujerumani, lenye mitambo midogo thelathini hivi. Iliyoshinda ni ile midogo. Funzo hilo limerudi karibuni: Machi 2024 kansela wa nchi alifika karibu na Heide kuanzisha ujenzi wa kiwanda kikubwa cha betri, na mwaka mmoja baadaye kampuni mama ikafilisika huko Uswidi.

Kinachobaki

Dhoruba ya usiku wa 16 kuamkia 17 Februari 1962 ilionyesha kwamba matuta ya zamani hayatoshi. Pwani ikanyooshwa, ghuba ya Meldorf ikafungwa kwa tuta jipya, na kwenye mlango wa Eider likajengwa bwawa la milango ya chuma lililokamilika 1973. Matuta makuu ya leo yana kimo cha karibu mita nane, na gharama zake haziwezi kubebwa na mkulima. Kwa hiyo tangu 1971 jimbo limeyachukua mikononi mwake. Angalia tarehe: nchi ilirudi kuwa moja mwaka 1970, na mwaka uliofuata kazi iliyoifanya kuwa moja ikaondolewa begani mwake.

Mtu angeweza kusema sheria ya sepetu imekwisha. Lakini tuta ni nusu ya kazi. Mvua inayonyesha ndani ya tuta haina pa kwenda, kwa kuwa ardhi iko chini. Ng'ambo ya mfereji, katika wilaya jirani ya Steinburg, ndiko kuliko sehemu ya chini kabisa ya Ujerumani, zaidi ya mita tatu chini ya usawa wa bahari. Maji hayo lazima yatolewe kwa mifereji, pampu na milango, na hilo bado ni jukumu la chama cha wenye ardhi chenye makao yake Hemmingstedt. Kila mwenye eka hulipa kwa ukubwa wa eneo lake, awe karibu na bahari au mbali nayo. Matuta nayo hukaguliwa kwa miguu, na watu hutazama mashimo ya sungura na nyasi zilizochakaa. Kondoo hulishwa juu yake kwa sababu mdomo wao hufupisha majani na kwato zao ndogo hushindilia udongo.

Mlango wa maji wa kizamani haukuhitaji mlinzi. Bahari ilipopwa, maji ya ndani yaliusukuma ukafunguka. Bahari ilipojaa, iliusukuma yenyewe ukajifunga. Kitu kimoja tu kiliweza kuuharibu: tope linalokusanyika mbele yake siku kwa siku, mpaka siku moja ukagoma kufunga. Mitambo mipya haijabadili jambo hilo. Tope bado huja na maji mara mbili kwa siku, na bado lazima awepo mtu wa kuliondoa.